Mhariri wa Jarida la Utabibu: Kazi Yake na Dhamana Aliyoichukua

Neno mhariri limeenea sana katika Kiswahili cha magazeti, hata wengi wetu hatulitazami tena. Asili yake ni Kiarabu, katika shina la herufi tatu, h-r-r, ambalo ndilo lililotupa pia neno huru. Katika lugha ile kitenzi harrara hubeba maana mbili ambazo kwa mtu wa nje zaonekana hazina udugu: kumwacha mtumwa huru, na kuyanyosha maandishi mpaka yawe safi na thabiti. Hariri ile ivaliwayo na mabibi harusi hutamkwa vivyo hivyo, lakini maana yake imepita njia nyingine, nami siiungi hapa.

Naanza na neno hili si kwa ajili ya mazoea ya watu wa isimu tu, ambao hawapandi chombo pasipo kwanza kulikagua jina lake. Naanza nalo kwa kuwa maana hizo mbili zakutana katika kazi ya mtu ambaye wasomaji wa jarida hili hawamfikirii mara nyingi, naye ni mhariri wa jarida la utabibu. Mtu huyu husahihisha maandishi. Na maandishi yale, yakishatoka mkononi mwake, humfungua mgonjwa au humfunga.

Huenda mtu akauliza: mambo ya madaktari yatuhusu nini sisi wachunguzi wa lugha? Jibu langu ni kwamba daktari akifika mlangoni pa mhariri huacha nje sindano zake na darubini zake, akaingia na karatasi tu. Yote aliyoyaona wodini na maabarani yamekwisha kuwa maneno, pamoja na hesabu zilizoshikwa na maneno. Ndani ya chumba kile hapana kingine cha kupimwa.

Kazi yenyewe, kwa ufupi, huenda hivi. Mswada huletwa, na mhariri huusoma pamoja na wasaidizi wake, akijiuliza kama jambo lililochunguzwa ni geni, kama lina faida kwa msomaji, na kama njia iliyofuatwa yaweza kweli kulijibu swali lililoulizwa. Katika majarida makubwa miswada iliyo mingi hurudishwa katika hatua hii. Ile inayobaki hupelekwa kwa mabingwa wawili au watatu wa fani ile ile, na mara nyingi kwa mtaalamu wa takwimu pia, ili waipitie na kutoa maoni. Watu hawa kwa kawaida hawalipwi, na majina yao mara nyingi hufichwa. Wako wanaodhani kwamba mabingwa hao ndio waamuzi. Sivyo. Wao ni mashahidi. Kadhi ni mhariri. Akichapisha upuuzi hawezi kujitetea kwa kusema kwamba mashahidi wawili waliupitisha, wala akikataa jambo kubwa hawezi kuwasukumia wao lawama.

Kazi hii haikuwa hivyo tangu mwanzo. Tarehe 5 Oktoba 1823, mjini London, kijana mmoja mpasuaji aliyeitwa Thomas Wakley, mzaliwa wa Devon mwaka 1795, alitoa toleo la kwanza la gazeti alilolipa jina la The Lancet. Jina hilo kwa Kiingereza ni la kijisu chenye ncha kilichotumiwa kutumbulia majipu na kutolea damu, na tena ni la namna ya dirisha jembamba la kuingizia mwanga katika majengo yao ya kale. Kama tungelitia jina lile katika lugha yetu, singeona lifaalo kupita Kijembe, kwa maana zote mbili za neno hili. Maana Wakley alipiga vijembe vya kila aina. Katika siku zile hospitali kubwa za London zilikuwa kama urithi wa jamaa chache. Mtu alipata cheo cha upasuaji kwa kuwa mpwa wa fulani au mkwe wa fulani, na wanafunzi walilipa fedha nyingi ili kuyasikia mafundisho ambayo walimu hawakutaka yachapishwe, wasije wakapoteza ada. Wakley akayachapisha, yakiwemo mafundisho ya Sir Astley Cooper, mpasuaji mashuhuri kuliko wote wa zama zake, bila kumwomba ruhusa.

Mwaka 1828 ndipo kijembe kilipokwenda ndani zaidi. Bransby Cooper, mpwa wa huyo Sir Astley, alimpasua mgonjwa katika hospitali ya Guy's ili kumtoa jiwe la kibofu. Kazi ambayo mpasuaji hodari wa wakati ule aliimaliza kwa dakika chache, tena mgonjwa akiwa macho kwa kuwa dawa ya usingizi haijavumbuliwa bado, ilichukua karibu saa nzima, na mtu yule akafa. The Lancet ikaitangaza habari hiyo kwa namna ya mchezo wa kuigiza, na sehemu zake kama tamthilia ya msiba. Cooper akashtaki, akidai fidia ya pauni 2,000. Wakley akajitetea mwenyewe mbele ya baraza. Mahakama ikampa Cooper haki, lakini ikamkadiria pauni 100 tu, na gharama za Wakley zikalipwa kwa mchango wa watu.

Mambo haya husimuliwa mara nyingi kama hadithi ya shujaa, na kweli alikuwa shujaa. Alihariri gazeti lake mpaka alipofariki mwaka 1862. Alikuwa mbunge tangu 1835 hadi 1852. Na katika miaka ya 1850 gazeti lake lilifanya uchunguzi wa vyakula vilivyoghushiwa madukani, likiwataja wauzaji kwa majina. Lakini mimi nikiisoma ile habari ya 1828 kwa jicho la mwanalugha naona mhariri amefanya mambo mawili kwa pamoja, nayo hayana uzito mmoja. La kwanza ni kuitoa kweli iliyofichwa, ambalo ni wajibu. La pili ni kuchagua mtindo wa dhihaka, na kumfanya mtu aliyekufa kwa maumivu kuwa mhusika wa mchezo. Mhariri wa leo halazimiki kuwa mpole kwa wakubwa. Ila angeulizwa kwanza kama jamaa za marehemu wametoa ruhusa, na angeambiwa kwamba kebehi hupunguza nguvu ya ushahidi, kwa kuwa humpa mshtakiwa mahali pa kujificha. Bransby Cooper alijificha hapo hapo, na zile pauni 100 ndizo bei ya kebehi.

Nageukia sasa jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike. Tarehe 28 Februari 1998, gazeti lile lile la Wakley lilichapisha makala ya waandishi 13, wakiongozwa na Andrew Wakefield wa hospitali ya Royal Free, London, kuhusu watoto 12 waliokuwa na maradhi ya matumbo pamoja na dalili za usonji. Katika watoto hao, wazazi wa wanane walisema kwamba dalili zilianza baada ya mtoto kupata chanjo moja inayokinga surua, matumbwitumbwi na rubela. Waandishi wenyewe waliandika ndani ya makala kwamba hawakuthibitisha uhusiano wa chanjo na ugonjwa ule. Hata hivyo, mbele ya waandishi wa habari Wakefield alishauri chanjo hizo zitenganishwe, na watu wakasikia walichosikia. Katika Uingereza, kiasi cha watoto waliochanjwa kilishuka kutoka karibu asilimia 92 hadi kama asilimia 80 katika 2003 na 2004. Surua ikarudi.

Baadaye ilidhihirika mengi. Mwaka 2004 mwandishi wa habari Brian Deer alifichua kwamba Wakefield alikuwa amelipwa kwa ajili ya mawakili waliotaka kuwashtaki watengenezaji wa chanjo, naye hakulieleza jambo hilo. Na katika mwaka ule ule waandishi 10 kati ya wale 13 waliikana tafsiri iliyotolewa. Tarehe 2 Februari 2010 The Lancet iliyatengua makala yote, na Mei ya mwaka huo Wakefield akafutwa katika daftari ya madaktari wa Uingereza. Uchunguzi uliofanywa kwa mamia ya maelfu ya watoto katika nchi mbalimbali haukuona kwamba chanjo ile huleta usonji. Miaka 12 ilipita kati ya kuchapa na kutengua.

Watu wa utabibu wamelijadili jambo hili kwa upande wa udanganyifu na wa fedha, nao wana haki. Mimi nalitazama kwa upande wa kiungo kimoja cha sentensi. Msomaji na ajaribu kuitia habari ile katika Kiswahili cha kawaida: Mtoto alichanjwa, akapata usonji. Hapana neno la uongo hapa. Alichanjwa, kisha, siku au miezi ikapita, dalili zikaonekana. Lakini silabi ile moja, -ka-, imefanya kazi ambayo mwandishi hakuiagiza. Vitabu vyetu vya sarufi hufundisha kwamba -ka- huonyesha mfuatano wa matendo katika masimulizi, na huishia hapo. Mzungumzaji wa lugha ajua zaidi ya hayo. Nikisema, Alikula uyoga akafa, hapana mtu atakayeniuliza alikufa kwa nini. Nikisema, Alikula uyoga. Siku ya tatu alikufa, muulizaji atapatikana. Katika masikio yetu tendo lenye -ka- huzaliwa na tendo lililotangulia, isipokuwa mambo yenyewe yanakataa waziwazi. Ni kiungo cha wakati kilichovaa kanzu ya sababu.

Katika hadithi na katika mazungumzo hilo ni jambo zuri, nalo ndilo linaloipa lugha mwendo. Katika ripoti ya kitabibu ni hatari. Mhariri wa Kiswahili atakayesoma, Wagonjwa 40 walipewa dawa, 31 wakapona, na asimame hapo. Je, walipona kwa dawa, au malaria yao ilikuwa nyepesi na wangepona kwa hali yoyote? Wale wa kundi jingine, waliopewa vidonge visivyo na dawa, walipona wangapi? Hesabu hizi nimezitunga kwa mfano tu, lakini sentensi za namna hii nimekutana nazo mara nyingi katika kurasa za afya za magazeti yetu, na -ka- ndiyo inayozishona.

Nafasi ya pili ya hatari ni hu-. Kiambishi hiki hutangaza kanuni isiyo na wakati wala mahali: jua huchomoza, simba hula nyama, dawa hii huponya kifua kikuu. Mtafiti aliyeona jambo katika wodi moja, katika mwaka mmoja, kwa wagonjwa wa umri fulani, hana haki ya hu-; haki yake ni -li- pamoja na hesabu. Anaposema kwamba dawa iliwaponya wengi kati ya wale aliowapima amesema alichokiona. Anaposema huponya amewasemea wagonjwa wa dunia nzima, pamoja na wasiozaliwa. Mhariri akibadili herufi hizo mbili amefanya kazi ya takwimu bila kushika kalamu ya hesabu.

Ya tatu ni ya kukanusha, nayo ni nyembamba zaidi. Haithibitiki, haikuthibitika, haijathibitika: Kiingereza hakina utatu huu kwa wepesi kama tulio nao sisi. Mwenye kusema haikuthibitika asema kwamba jambo lilijaribiwa, na ushahidi haukupatikana katika jaribio lile. Mwenye kusema haijathibitika huacha mlango wazi, na mara nyingi msikilizaji husikia ahadi: bado, lakini itathibitika. Aliyetafsiri kukana kwa makala yale ya 1998 kwa -ja-, na kwa -ku-, hakutafsiri jambo moja. Vilevile hatukuona madhara si sawa na haina madhara. La kwanza ni ushuhuda wa mtu aliyetazama, la pili ni hukumu juu ya dawa. Kampuni inayouza dawa hupenda la pili. Mhariri apasa kulirudisha la kwanza mahali pake, hata kama sentensi itakuwa nzito kinywani.

Nisije nikaeleweka kwamba makosa yote ya utabibu ni makosa ya sarufi. Yako mengine ambayo hapana jicho la mwanalugha liwezalo kuyaona. Tarehe 22 Mei 2020, wakati ulimwengu ulipokuwa katika hofu ya UVIKO-19, The Lancet ilichapisha makala yaliyodai kwamba haidroksiklorokwini, dawa iliyo ndugu ya ile klorokwini tuliyoimeza utotoni tukakunja nyuso, iliwaongezea wagonjwa wa korona hatari ya kufa. Makala yalitegemea habari za wagonjwa 96,032 katika hospitali 671 za mabara sita, zilizokusanywa, ati, na kampuni moja ya Marekani iitwayo Surgisphere. Siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuisimamisha sehemu ya majaribio yake iliyohusu dawa hiyo. Lugha ya makala ilikuwa safi. Hesabu zilisimama wima. Waliotia shaka walianza na vitu vya kawaida kabisa. Kwa hesabu za makala yale, karibu robo ya wagonjwa wote wa korona waliojulikana barani Afrika walikuwa wamelazwa katika hospitali zinazoandika kila kipimo cha mgonjwa katika kompyuta na kukipeleka Marekani. Yeyote aliyewahi kuona rundo la mafaili katika hospitali zetu za wilaya angaliweza kuuliza swali hilo. Kampuni ikakataa kuonyesha habari zake za asili, na tarehe 4 Juni, siku 13 tangu kuchapishwa, makala yakatenguliwa. Na siku ile ile New England Journal of Medicine likayatengua makala mengine yaliyojengwa juu ya habari za kampuni hiyo hiyo.

Kwangu mimi funzo la mkasa huu limo katika neno mwandishi. Waandishi watatu kati ya wanne walitamka kwamba wao hawakuwa wameziona habari za asili. Basi walikuwa waandishi wa nini? Kiswahili chamwita mwandishi yule ambaye mkono wake umeandika, na mtunzi yule aliyetunga, kama mtu atungavyo shanga katika uzi. Utabibu wahitaji maana ya tatu: mwenye kujibu. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya utabibu, iliyokutana mara ya kwanza huko Vancouver, Kanada, mwaka 1978 kwa ajili ya kusawazisha namna ya kupanga miswada, imekuja kuwa mlinzi wa maana hiyo. Kwa kanuni zake, jina la mtu haliwekwi juu ya makala kwa sababu ni mkuu wa idara au ndiye aliyeleta fedha. Sharti awe amechangia kazi, ameshiriki kuiandika au kuikosoa, ameridhia maandishi ya mwisho, na amekubali kuulizwa. Kwa sababu hiyo hiyo, mwaka 2023 kamati iliamua kwamba programu za akili unde zisiandikwe kuwa waandishi: haziwezi kuitwa mbele ya mtu zikajibu. Kamati hiyo ndiyo iliyotangaza pia, mwaka 2004, kwamba majaribio ya tiba yasiyosajiliwa hadharani kabla ya kuanza hayatachapishwa katika majarida yake, ili kampuni isipate kuyazika yale yaliyoipa majibu mabaya na kuyatangaza mazuri peke yake. Wahariri hawana polisi wala gereza. Wana mlango tu, na waliufunga.

Mlango huo wenyewe una mwenye nyumba. Majarida mengi ni mali ya vyama vya madaktari au ya makampuni ya uchapishaji, na mhariri ni mwajiriwa. Mwaka 1999 George Lundberg, aliyekuwa amelihariri jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani kwa miaka 17, aliachishwa kazi kwa kuchapisha makala kuhusu maoni ya wanafunzi juu ya maana ya kujamiiana, wakati Rais Clinton alipokuwa akishtakiwa mbele ya Baraza la Seneti kwa jambo lililogusa hapo hapo. (Nayo, tukisema kweli, yalikuwa makala ya semantiki: wanafunzi waliulizwa neno lahusu matendo gani.) Mwaka huo huo Jerome Kassirer aliondoka New England Journal of Medicine kwa kutopatana na chama kilicholimiliki juu ya kulitumia jina la jarida katika machapisho mengine. Mwaka 2006 ikawa zamu ya John Hoey wa jarida la Chama cha Madaktari cha Kanada, baada ya mvutano ambao ndani yake mlikuwa habari iliyowaudhi wafamasia, na wenye jarida wakataka ibadilishwe. Kanuni iliyozaliwa na mivutano hii ni kwamba mwenye mali aweza kumwajiri mhariri na kumwondoa, lakini asimwambie achape nini. Ukiitafakari, kanuni hiyo yafanana na mtu kupewa uhuru wa kusema pamoja na barua ya kuachishwa kazi iliyokwisha kupigwa mhuri, ikisubiri tarehe tu. Lakini bora hiyo kuliko kukosa yote mawili. Majarida madogo ya Afrika, ambayo mhariri wake mara nyingi ni daktari anayesoma miswada usiku baada ya zamu, yana mashaka mengine: kwa fedha za kuchapia aweza kumtegemea mkuu wa chuo ambaye mswada wake uko juu ya meza.

Yapo pia mambo ya ridhaa. Mwaka 1966 daktari wa Marekani Henry Beecher alichapisha mifano 22 ya tafiti ambazo wagonjwa walitiwa hatarini, nyingi bila wao kujua, na nyingine zikiwa zimetoka katika majarida yenye heshima. Yeye alishikilia kwamba elimu iliyopatikana kwa njia hiyo isichapishwe. Azimio la Helsinki, la mwaka 1964, lilipotengenezwa upya mwaka 1975 lilitia neno hilo, na tangu hapo mhariri amekuwa akidai kuoneshwa kwamba utafiti ulipitishwa na kamati ya maadili na kwamba washiriki waliridhia. Lakini mhariri wa London au Boston huletewa tamko la Kiingereza kwamba ridhaa ilipatikana. Karatasi aliyotia mama kidole gumba, huku kwetu, iliandikwa kwa Kiswahili, naye haioni. Nimewahi kuombwa kuzipitia fomu za namna hii. Katika moja, mahali ambapo Kiingereza kilisema mtu anakubali kuingizwa katika utafiti, Kiswahili kilisema nakubali kupata matibabu. Mama yule aliridhia jambo jingine. Tena maneno idhini na ridhaa yalichanganywa kana kwamba ni pacha: idhini ni ruhusa itolewayo na mwenye mamlaka, kama mume au mkuu wa kijiji, ridhaa ni ya moyo wa mtu mwenyewe. Fomu yenye idhini ya baba mwenye nyumba na isiyo na ridhaa ya mwenye mwili ingepita mikononi mwa wahariri bora wa dunia bila hata mmoja kuishtukia. Napendekeza kwamba jarida lolote likubalilo utafiti uliofanywa kwa Kiswahili lidai fomu yenyewe, wala si tafsiri yake, na liwe na mtu wa kuisoma. Watu hao wako. Wengine ndio wanaosoma ukurasa huu.

Limebaki neno moja ambalo wenzetu wa utabibu wametuuliza mara kadhaa, nasi hatujawajibu kwa sauti moja: tendo la mhariri la kuyaondolea makala itibari baada ya kuchapishwa tuliite nini? Maji yakimwagika hayazoleki, na hapana mhariri awezaye kuyaokota matoleo yaliyokwisha kwenda maktabani. Afanyalo ni kutangaza, kutoa sababu, na kupiga alama juu ya kila ukurasa, huku makala yenyewe yakibaki yaonekane, ili wanaokuja wajue ni nini kilichosemwa na kwa nini hakisemwi tena. Kwa hiyo kufuta halifai, maana kilichofutwa hakisomeki. Kuondoa halifai, kwa kuwa ndilo neno la mwandishi anayeuchukua mswada wake kabla haujachapwa. Kubatilisha linakaribia, nalo latumiwa na wengine, lakini lina harufu ya makaratasi ya hati na mikataba. Mimi nimetumia kutengua katika makala haya, kama tusemavyo kutengua uamuzi au kutengua uteuzi: jambo lilifanyika kweli, nalo limeandikwa katika kumbukumbu, ila halina nguvu tena tangu siku ya tangazo. Wako wazee wa pwani watakaosema kwamba hapa pangefaa zaidi kutangua, kama ndoa itanguliwavyo, na kwamba kutengua ni kwa mfupa uliotoka katika kiungo chake. Sina ugomvi nao. Ila naona kwamba makala ya namna ile, yakishatoka mahali pake katika elimu, hufanana zaidi na mfupa kuliko na ndoa. Nami ningependa kusikia hoja za wenzangu kabla neno halijapelekwa kwa watungaji wa kamusi.